"Ripoti inasema PD-L1 chanya. Je, saratani yangu ya tezi ndiyo ile kali?"

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41. Mwezi wa tatu nilifanyiwa upasuaji, tezi ya shingo ikatolewa yote. Majibu ya nyama yalisema ni saratani ya papilari, uvimbe wa sentimita 1.8, haujatoka nje ya tezi wala kuingia kwenye mishipa ya damu. Zilichukuliwa tezi za limfu 7, na 2 zikakutwa na chembe za saratani, iliyo kubwa haizidi milimita 1. Wakaandika pia kwamba tezi iliyobaki ilikuwa na ugonjwa wa Hashimoto. Daktari wangu alisema dawa ya mionzi siihitaji kwa sasa. Shemeji yangu aliyeko Muscat alilipia kipande cha nyama kipelekwe nje kupimwa zaidi, majibu yamerudi: PD-L1 chanya, asilimia 5. Kijana wangu amesoma kwamba hiyo ni saratani iliyojificha kinga ya mwili isiione, na wenye nayo hawaishi muda mrefu. Thairoglobulini yangu iko chini ya 0.2, lakini kingamwili zake zilikuwa 340, na nilipopima tena maabara ya mjini zikawa 410. Shemeji anataka niende India nikachomwe sindano za kinga, na nimefikiria kuuza kiwanja. Je, nimechelewa? Habasoda na mlonge vinasaidia kupandisha kinga?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa yote. Nianze na kiwanja, maana dalali huwa hangoji: usikiuze. Sijaona kwenye barua yako kitu cha kukupeleka India kwa sindano hizo. Nitaeleza taratibu kwa nini, na ikiwezekana msome pamoja na kijana wako.

Umeniandikia namba nyingi, na iliyokunyima usingizi ni ile 5. Mimi jicho langu liliipita likaenda kutua kwenye 340 na 410. Nadhani daktari yeyote anayeshinda na wagonjwa wa tezi hii angefanya hivyo hivyo. PD-L1, protini nitakayoieleza hapo chini, inawavutia sana watafiti, lakini kwa saratani ya aina yako haibadilishi matibabu hata kidogo. Kingamwili ndizo zenye kazi ya kufanya kwenye faili lako, na jinsi zilivyopimwa mpaka sasa, bado hazijasema lolote.

Tuanze na saratani yenyewe. Watu husema "saratani ya tezi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Papilari ndiyo ya wengi, karibu wagonjwa 8 kati ya 10. Inafuata ya folikula, inayoonekana zaidi mahali ambapo watu wamekosa madini joto kwenye chakula kwa miaka mingi. Ya medula hutokana na seli nyingine kabisa na ina vipimo vyake. Ya mwisho ni anaplastiki: mtu 1 au 2 tu kati ya 100, kwa kawaida waliovuka miaka 60, na hiyo kweli huua ndani ya miezi. Papilari na anaplastiki hukaa shingoni zote mbili, kama vile paka na chui wote wana makucha. Mengi anayoyasoma kijana wako kuhusu kinga na vifo yameandikwa juu ya chui.

Kuhusu yako, mfumo wa kupanga hatua unaotumika tangu mwaka 2018, toleo la nane, umeweka mstari kwenye umri wa miaka 55. Mgonjwa wa papilari aliye chini ya umri huo huandikwa hatua ya kwanza hata kama tezi za limfu zimeguswa. Saratani ikiwa imefika mapafuni au mifupani, huandikwa hatua ya pili, na ngazi inaishia hapo. Hatua ya tatu na ya nne hazipo kwa mtu wa umri wako mwenye ugonjwa huu. Kwa walio hatua ya kwanza, baada ya miaka 10, watu 98 hadi 100 kati ya 100 wanakuwa hawajauawa na saratani hii. Wewe umo humo.

Kurudi kwa saratani ni swali jingine, na hapo madaktari hutazama mambo ambayo tayari yako kwenye ripoti yako ya kwanza, ile ya bei ndogo: ukubwa wa uvimbe, kama umetoboa ganda la tezi, kama umeingia kwenye mishipa ya damu, na tezi za limfu ngapi zimeguswa kwa kiasi gani. Mwongozo wa mwaka 2015 wa chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani, ambao wengi wetu huku tumekuwa tukiufuata (mpya ulitoka mwaka 2025), ulisema chembe zilizo chini ya milimita 2 kwenye tezi za limfu zisizozidi 5 bado zinamwacha mgonjwa kwenye kundi la hatari ndogo. Wewe una 2, na kubwa ni milimita 1. Ndiyo maana daktari wako hakukukimbiza kwenye dawa ya mionzi. Hakukusahau, alikupima na mwongozo. PD-L1 haimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa hiyo protini ni nini? Seli zetu za kinga, hasa zile zinazoitwa seli T, zina kidude juu ya ngozi yao kinachoitwa PD-1. Kiligunduliwa Kyoto mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo, na mwaka 2018 Honjo na James Allison walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoanzia kwenye mambo ya namna hii. PD-L1 ni mwenzake wa PD-1, hukaa juu ya seli nyingine za mwili. Vikigusana, seli T hupoa.

Wafikirie sungusungu wa kijijini. Wanazunguka usiku na marungu na filimbi. Kijiji kimekubaliana kwamba mwenyeji atundike kitambaa mlangoni, sungusungu wakikiona wapoze hasira wapite. Kitambaa ni PD-L1, na jicho linalokitambua ni PD-1. Kitambaa hiki hakikubuniwa na wezi. Ni mpango wa kijiji chenyewe, kwa sababu sungusungu wenye hasira wasipozuiwa huvunja hata nyumba ya mjumbe. Kondo la nyuma la mama mjamzito hukitumia, mtoto aliye tumboni asishambuliwe kama mgeni. Shida ni kwamba hata mwizi anaweza kutundika kitambaa, na saratani nyingi hufanya hivyo. Kijana wako amesoma sawasawa hadi hapa.

Alipokosea ni kudhani kitambaa hutundikwa kwa sababu moja tu. Kuna saratani ambazo hitilafu za ndani ya jeni zao huziamuru zikitundike wakati wote, kelele ziwepo zisiwepo. Lakini mara nyingi kitambaa hutundikwa filimbi zinapolia. Seli T zikifika mahali na kuanza kazi, hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama, na kila seli iliyo karibu, ya saratani au ya kawaida, huisikia na kutoa PD-L1. Kwa hiyo ukikuta vitambaa huwezi kusema moja kwa moja kwamba mwizi amejificha. Huenda unaona mtaa ambao sungusungu wamefika na wanafanya kazi.

Na wewe una Hashimoto. Ni ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912: kinga ya mwili inaigeukia tezi na kupiga kambi humo kwa miaka. Kwenye tezi yako filimbi zimekuwa zikilia kabla saratani haijaonekana. Katika tezi kama hiyo, hata seli zisizo na saratani huweza kuonyesha PD-L1. Na kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye majibu ya shemeji: tafiti nyingi zimeona kwamba papilari inayokutwa pamoja na Hashimoto huwa na mwenendo mpole zaidi, ikiwa na tezi za limfu chache zilizoguswa na kurudi kwa nadra. Wataalamu wanabishana sababu. Wengine wanasema kinga iliyoamka inaibana saratani. Wengine wanasema mwenye Hashimoto hupimwa shingo mara kwa mara, kwa hiyo uvimbe wake huonekana ungali mdogo. Mimi naona zote mbili zinachangia, ila hilo ni shauri langu.

Niseme kidogo namna asilimia 5 yako ilivyopatikana, kwa sababu mtu akiona asilimia kwenye karatasi hudhani imetoka kwenye mashine. Kipande cha nyama kilichogandishwa kwenye nta hukatwa kipande chembamba kuliko unywele, kikawekwa kwenye kioo, kikapakwa kingamwili inayoshika PD-L1 na rangi. Chini ya darubini viini vya seli huonekana vya buluu, na seli yenye PD-L1 huwa na ukingo wa kahawia, kama alama inayoachwa na kikombe cha chai ya rangi kwenye kitambaa cha meza. Mtaalamu wa patholojia hukadiria kwa macho: katika seli 100 za saratani, ngapi zina ukingo huo? Nimewahi kukaa na mwenzangu kwenye darubini yenye macho mawili tukitazama tezi yenye Hashimoto. Kahawia ilikuwapo ya kutosha, lakini nusu yake ilikuwa kwenye seli za kinga zilizojibana katikati ya seli za saratani. Yeye alisema asilimia 2. Mimi, ambaye si kazi yangu, ningesema 10.

Zaidi ya hapo, maabara hazitumii kingamwili ya aina moja. Ziko nne au zaidi zinazotumika sana, na hazishiki kwa nguvu sawa. Maabara nyingine huhesabu seli za saratani peke yake, nyingine hujumlisha na za kinga. Nyingine huita "chanya" kuanzia asilimia 1, nyingine 5, nyingine 50. Kwa hiyo swali la kuwauliza waliokupimia ni "asilimia 5 ya nini, na kwa kipimo kipi?" Nakuhakikishia hakuna jibu la swali hilo litakalobadilisha matibabu yako.

Kuhusu habari kwamba wenye PD-L1 hawaishi: tafiti za papilari zimepishana. Nyingine ziliona wenye PD-L1 nyingi saratani ilirudi zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Na hata zile zilizoona, nyingi zilikuwa zinazungumzia kurudi, siyo kufa. Kuna kasoro moja ambayo wasomaji wengi hawaioni. Mwaka 2014 kikundi kikubwa cha utafiti wa jeni cha Marekani kilitoa data za vivimbe karibu 500 vya papilari, na tangu hapo watu duniani kote huzichota data hizo, wanazipitisha kwenye kompyuta na kutoka na orodha ya protini za kinga "zinazotabiri vifo". Lakini kwenye data hizo waliokufa ni wachache mno, kwa sababu papilari haiui sana. Ukitafuta sababu za jambo lililotokea mara chache kati ya maelfu ya jeni, hukosi kupata kitu, na mwenzako akitafuta atapata kingine. Ndiyo maana kila mwaka hutoka protini mpya yenye jina la herufi na namba, na kliniki haibadiliki.

Tena, mtu akisoma "hatari mara mbili" aulize mara mbili ya ngapi. Kwa mfano tu: jambo linalowapata watu 3 kati ya 100 likiwa mara mbili linawapata 6, na 94 wanabaki salama. Kijana aliyesoma kichwa cha habari usiku, mama yake amelala chumba cha pili, hawezi kufanya hesabu hiyo. Simlaumu.

PD-L1 ina kazi wapi basi? Kwenye anaplastiki, yule chui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wagonjwa 42 dawa iitwayo spartalizumabu, inayomziba macho sungusungu asione kitambaa. Kati ya wagonjwa 28 waliokuwa na PD-L1, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa 8. Kati ya 12 wasiokuwa nayo, hakuna hata mmoja. Hapo kipimo kina maana, kwa sababu mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa na dawa ni chache. Sasa linganisha na utafiti wa mwaka 2019 wa pembrolizumabu, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa wagonjwa wa papilari na folikula ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa na wote walikuwa na PD-L1: walikuwa 22, uvimbe ukasinyaa kwa 2. Hao ni watu ambao saratani ilishawashinda madaktari, wenye PD-L1, na bado dawa iliwasaidia wawili. Kwako wewe, ambaye kwa tunavyojua uvimbe umetolewa wote, sindano hiyo ingekwenda kupambana na nini?

Nayo haina upole. Ukiwafumba macho sungusungu wasione vitambaa, wanaingia kila nyumba. Dawa hizi huweza kuchoma utumbo, mapafu, ini, tezi zilizo juu ya figo. Moja ya viungo vinavyoshambuliwa mara nyingi ni hiyo hiyo tezi ya shingo. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayeokolewa na dawa hizi hukubali gharama hiyo kwa sababu anachopata ni maisha. Wewe ungelipia madhara matupu, kwa bei ya kiwanja. Nchini India wapo madaktari hodari wa tezi, na mgonjwa wa kweli wa anaplastiki ningemsaidia kufunga mizigo. Daktari mwaminifu wa huko akisoma ripoti yako ya kwanza atakurudisha nyumbani.

Nimefika kwenye 340 na 410, na hapa naomba utulie tuende polepole.

Thairoglobulini hutengenezwa na seli za tezi peke yake, ziwe nzima au za saratani ya papilari na folikula. Tezi ikitolewa yote, damu inapaswa kubaki karibu bila kitu. Ndiyo maana tunaipima: ikianza kupanda, tunajua kuna seli zimebaki mahali. Ni kipimo kizuri sana, isipokuwa kwa mtu kama wewe. Kinga yako, ile ya Hashimoto, imetengeneza kingamwili dhidi ya thairoglobulini yenyewe. Karibu robo ya wagonjwa wa saratani hii wanazo. Mashine ya maabara hukamata thairoglobulini kwa mikono miwili, mmoja unashika upande huu na mwingine upande ule, kama vijana wawili wanaonyanyua gunia la mahindi. Kingamwili zako zimelizunguka gunia, vijana hawapati pa kushika, na mashine inaandika "hakuna gunia". Kwa hiyo ile "chini ya 0.2" uliyofurahia haikupi uhakika. Haimaanishi kuna ubaya pia. Ina maana kipimo hicho kwako kimefunikwa.

Tunafanyaje? Tunazifuatilia kingamwili zenyewe. Kinga hutengeneza kingamwili ikiwa bado inaona shabaha. Shabaha ikiondoka, yaani seli zote za tezi zikiisha, kingamwili hupungua taratibu. Hazikauki mara moja. Kwa wengi huchukua miaka 2 au 3, wengine zaidi. Zikishuka kwa nusu au zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, tunafurahi. Zikishuka polepole au kusimama, tunaendelea kutazama bila kuhangaika. Zikipanda mfululizo, kipimo hadi kipimo, hapo tunatafuta kilichobaki kwa picha.

Sasa utasema: zangu zimepanda, 340 hadi 410! Umesema mwenyewe kwamba kipimo cha pili ulikifanya maabara ya mjini. Kingamwili hizi hazina mizani moja ya dunia nzima. Damu ile ile ikipelekwa kwenye mashine za kampuni mbili inaweza kutoa majibu yanayopishana mara kadhaa, hata moja ikasema zipo na nyingine ikasema hazipo. Ni sawa na kupima mchele kwa kibaba cha duka hili na kopo la duka lile, kisha ukasema mchele umezaa usiku. Hizo namba zako mbili haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja. Rudi maabara ile ya kwanza, ipime tena kwa mashine ile ile, na kila mara ubaki hapo. Wakibadilisha mashine, na hutokea, waombe wakwambie, nasi tutaanza kuhesabu upya kuanzia hapo.

Kinachosaidia zaidi ya damu kwako ni ultrasaundi ya shingo, ifanywe na mtu aliyezoea kutazama shingo baada ya upasuaji. Atazame pale tezi ilipokuwa na tezi za limfu pande zote mbili. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi hapo hapo shingoni. Kwa kuwa ulifanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, ningependa picha ya kwanza iwe imefanyika kabla mwaka haujatimia. Ikiwa safi na kingamwili zinashuka, wewe ni mtu wa kuja kliniki mara moja au mbili kwa mwaka. Kingamwili zikionyesha kupanda kweli, au picha ikionyesha tezi ya limfu yenye mashaka, ichomwe kwa sindano nyembamba ipimwe, na mazungumzo ya dawa ya mionzi yatafunguliwa. Dawa hiyo, madini joto yenye mionzi, ipo hapa Tanzania. Taasisi ya saratani ya Ocean Road inaitoa. Usipande ndege kwa ajili yake.

Habasoda na mlonge. Kwanza neno "kupandisha kinga" kwako lina utani ndani yake, kwa sababu Hashimoto ndiyo kinga iliyopanda hadi ikashambulia nyumba yake. Hatujui chakula chochote kinachochagua seli T zinazopambana na papilari na kuziongezea nguvu. Habasoda kidogo kwenye mkate, mlonge kwenye mboga, kula ukipenda. Ninachokataa ni unga wa mlonge kijiko kizima asubuhi pamoja na kidonge chako cha levothairoksini, homoni ya tezi unayomeza kwa kuwa tezi yenyewe haipo. Majani yale yana kalsiamu na madini chuma, na vyote viwili huzuia dawa isinyonywe. Kidonge kinywe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, ukae nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Na chai ya maziwa ndiyo adui ninayekutana naye zaidi. Mgonjwa anakuambia "dawa nakunywa kila siku, daktari", ukimuuliza anaiteremshia na nini, anacheka. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu viachane na kidonge cha tezi kwa saa 4.

Viwili vingine uviangalie. Vidonge vya nywele na kucha vyenye vitamini bayotini huvuruga vipimo vya tezi vyenyewe, kwa hiyo viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu na umwambie anayekutoa damu. Na mwani, unaouzwa siku hizi kama unga wa afya, una madini joto. Kama siku moja utapewa dawa ya mionzi, mwani na chumvi yenye madini joto vitatangulia kuishibisha seli, na dawa itakosa nafasi. Hilo daktari atakuelekeza wiki kadhaa kabla. Kwa sasa chumvi ya kawaida endelea nayo wewe na watoto.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona haya: midomo au vidole kufa ganzi na kuchomachoma, au misuli kukakamaa, maana hiyo ni kalsiamu kushuka, jambo linaloweza kutokea baada ya upasuaji huu, na ukikakamaa au kupumua kwa shida ni dharura ya siku hiyo hiyo. Uvimbe mpya shingoni unaoendelea zaidi ya wiki mbili au tatu. Sauti kukauka bila mafua. Kushindwa kumeza, au pumzi kutoa mlio. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ambavyo mara nyingi huwa ni dozi iliyozidi. Kwa kundi la hatari ndogo hatuhitaji kuikandamiza TSH, homoni kutoka kichwani inayoiamrisha tezi kufanya kazi, mpaka chini kabisa. Kati ya 0.5 na 2 inatosha kwa wengi, lakini lengo lako apange daktari anayekuona, akijua moyo na mifupa yako.

Chukua daftari la shule, chora mistari minne: tarehe, maabara, kingamwili, TSH. Ingiza 340 na jina la maabara yake. Ile 410 iandike ukurasa mwingine. Ukienda kliniki nenda na daftari hilo, ripoti ya kwanza ya nyama, na kijana wako, maana naona ndiye anayesoma kwa niaba ya nyumba yote na ana maswali yake. Karatasi ya PD-L1 iweke kwenye faili pia. Siku moja inaweza kuwa na maana, na kipande cha nyama kipo kwenye nta, hakiozi.